Mlokole Aliyemeza Glasi Namba Saba

Mjomba wangu Abdías Orellana anaonja mvinyo kwa kazi, na tangu aokoke hajalewa hata mara moja. Ni wa kanisa lile la kona, la magitaa na ngoma kubwa, ambalo watu wake kila Jumamosi wanasimama uwanjani kutuhubiria sisi wenye dhambi wa kijiji cha Los Quillayes mpaka hamu ya kula inatutoka. Sasa huku kwenye bonde la mvinyo la Colchagua, ambako hata mbwa wanajua tofauti ya mvinyo wa Carmenere na wa Cabernet, kuwa mlokole asiyekunywa ni kama kuwa samaki mwenye mzio wa maji.

Alipookoka, pua yake ilikuwa tayari maarufu bonde zima. Mchungaji Isaí akakaa naye, wakafungua Biblia, wakatafuta weee, wakakuta hakuna mahali pamekataza kutema. Makubaliano yakawa hayo: weka mdomoni, zungusha, tema, andika pointi, wahi ibada.

Tatizo lilianzia kwa majaji wenzake. Wale wanagawa pointi tisini kama pipi. Mvinyo umechacha, tisini. Mvinyo unanuka soksi, tisini na moja, eti una "tabia ya udongo". Mwisho wenye viwanda vya mvinyo wakaacha kuamini pointi, wakahamia kwenye koo la mjomba. Kila mtu akawa na swali moja tu: mvinyo gani utamfanya Abdías ameze?

Vituko vikaanza. Kuna mmoja alimshindilia jibini la chumvi asubuhi nzima ili apate kiu. Mwingine alimsimulia vichekesho akiwa amejaza mdomo. Mjomba akacheka, ila akacheka kwa mbele, na shati la mwenye kichekesho halikutakata tena. Mwaka huu ikawa zamu ya don Fermín Larraguibel, mwenye kiwanda kikubwa na kofia kubwa kuliko kiwanda. Yeye ndiye aliyefadhili mashindano ya sikukuu ya mavuno, kwa hiyo alikuwa na mamlaka juu ya ndoo za kutemea. Akazihamishia nje ya hema la kuonjea, kule karibu na vyoo.

"Ni usafi tu," akasema. "Wageni wa Santiago hawapendi kuona mate."

Na mjomba mwaka huu hakutakiwa kukosea hata kidogo. Kesho yake Jumapili alikuwa anawekwa mzee wa kanisa, cheo alichokisubiri tangu mimi nipo chekechea. Mkewe Noemí alishapiga pasi suti.

Mimi nilikuwepo na simu, narusha mubashara kwenye ukurasa wa kijiji. Kila glasi, mjomba anaonja, anaandika, anakabidhi karatasi, halafu anaondoka mbio mbio mashavu yamevimba, na watazamaji wangu wanaandika "kimbia panya buku kimbia". Glasi namba saba alishafika nje, ndoo anaiona. Sasa pale nje walokole wenzake walikuwa katikati ya mahubiri, na mchungaji Isaí alipomwona akashusha gitaa.

"Bwana asifiwe, ndugu Abdías."

Hebu jiweke wewe mahali pake. Kesho unakuwa mzee, mchungaji anakusalimia mbele ya kwaya nzima. Ungeweza kupunga mkono. Ungeweza kutikisa kichwa. Mjomba akameza, akasema, "Amina."

Don Fermín alikuwa nyuma yake kama kivuli. "Namba saba ni yangu," akawaambia watu. "Kameza yangu."

Kufika jioni bango lilishapanda kwenye banda lake: MVINYO ULIOMSHINDA MLOKOLE. Bei mara mbili, foleni mpaka barabarani. Pointi zilikuwa zinatangazwa Jumatatu, ila nani alikuwa na haja na pointi. Chini ya video yangu wakaandika, "Karibu tena duniani, Abdías, tulikutunzia kiti."

"Suti nimeirudisha kabatini," Noemí akamwambia usiku. "Ukiwa mzee nitaitoa."

Jumapili kanisa likajaa hadi madirishani. Hata don Fermín alikuja, kofia mapajani, kusikia sifa zake.

"Ndugu Abdías," mchungaji akaanza, "ulimeza?"

"Nilimeza, mchungaji."

"Kwa nini?"

"Ulinisalimia."

Mchungaji akakohoa. Kwaya wakaangalia viatu.

"Hilo kosa tutagawana. Lakini Mungu anaangalia moyo. Ulipomeza, ulifurahia?"

Akisema ndiyo, uzee kwaheri. Na mjomba hajui kudanganya kabisa; baba yangu, siku anaoa, alimwonjesha mvinyo wa nyumbani, akapewa pointi arobaini mbele ya wakwe.

"Mchungaji, ule mvinyo ni pilipili hoho mbichi," akasema. "Zabibu zimechumwa kabla hazijaiva. Halafu wameficha ubichi kwa pipa, sasa umekuwa mbao tupu, unaonja unahisi umelamba mlango. Niliupa sabini na moja ukiwa mdomoni. Ulipofika kooni ningeushushia pointi, ila karatasi nilishakabidhi."

"Kwa hiyo hukufurahia."

"Niliteseka, mchungaji."

"Aleluya," bibi mmoja wa kwaya akasema, na ngoma kubwa ikalia.

Don Fermín akasimama. "Samahani. Sabini na moja kati ya ngapi?"

"Kati ya mia," mchungaji akamjibu. "Kaa chini, mgeni."

Mjomba akawekewa mikono pale pale, akiwa na shati la kazini, suti bado iko kabatini. Na mzee mpya ndiye anayetangulia kunywa kikombe cha meza ya Bwana. Kwetu ni juisi ya zabibu, anatengeneza Noemí mwenyewe. Mjomba akakipokea. Akakiinamisha kwenye mwanga. Akakizungusha. Akaingiza pua yote.

Mchungaji akamsogelea sikioni, ila kipaza sauti kilikuwa wazi. "Hapa hatutoi pointi, mzee. Kunywa."

Akanywa, akameza, akafumba macho.

"Mwacheni aseme ni ngapi," Noemí akasema kutoka benchi la mbele.