Chai ya Mama Obed kwenye benchi la usaili

Saa moja na nusu asubuhi, Makambako. Ukungu wa Juni bado umeukalia uwanja wa bohari, na lori lililoegeshwa getini linaonekana nusu tu. Nyuma ya ofisi, Idda Mwalongo anapuliza mkaa. Amevaa gauni lake la kanisani, sweta la buluu na viatu vya kuazima, na anapuliza akiwa amejivuta nyuma ili majivu yasimrukie.

Siku za usaili, kuchemsha chai ni kazi yake. Leo ameambiwa asichemshe. Leo naye ni msailiwa, namba kumi na saba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

"Nimeambiwa nikae kwenye benchi na wenzangu," anasema huku akiteleka birika. "Nitakaa. Maji yakishachemka."

Shirika la umma alilolitumikia kwa miaka kumi na tisa limeuzwa mwaka huu wa 1998. Mwenye mali mpya anataka kila mfanyakazi aombe kazi yake upya, na watu wa nje nao wamekaribishwa kuomba. Walikuwa wafanyakazi sitini na wawili. Watabaki ishirini na watano. Nafasi ya mhudumu, kazi ya Idda, imebaki moja, na walioitwa kuigombea ni wawili.

Idda ana miaka arobaini na sita, na ni mjane. Alizaliwa Uwemba, ambako masista wa misheni walimfundisha kupika na kunyoosha nguo. Shule aliishia darasa la saba. Shamba lake la Kitandililo linatoa mahindi ya kula. Karo ya Obed, kitinda mimba wake aliye kidato cha pili, inatoka kwenye mshahara wa hapa na si kwingine.

"Nisikudanganye," anasema. "Naogopa tangu juzi."

Ukimwona huwezi kudhani. Huyu ndiye mtu ambaye nusu ya waajiriwa wa bohari hii watakwambia aliwavusha mlango wa usaili. Bashiru, karani aliyesailiwa jana na leo amepewa kazi ya kuita majina, alikuja hapa kutoka Tanga mwaka 1985 akiwa na shati moja jepesi.

"Meno yalikuwa yanagongana," anasimulia Bashiru. "Mama Obed akaniletea kikombe cha chai. Nikataka kunywa, akanizuia. Akasema usinywe kwanza, kishike."

Hilo ndilo somo lake lote, na Idda amelipata kwa kutazama. Anasema wengi wanaotetemeka kwenye benchi lile si waoga hata kidogo. Wametoka nyumbani alfajiri na nguo nzuri badala ya nguo nzito, wanaona baridi. Mtu akishaiona mikono yake inacheza, ndipo anapojidhania mwoga, na woga unaingia kweli. Wakubwa wanaokuja kusaili kutoka Dar es Salaam wanaiona mikono hiyo hiyo na kuandika kwamba hajiamini.

"Kikombe cha moto kinatuliza mikono," anasema. "Mikono ikitulia, kichwa nacho kinarudi."

Namba kumi na sita ni Jenifer, binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Makete. Amemaliza kidato cha nne. Amevaa blauzi nyeupe isiyo na sweta, na bahasha ya vyeti inatikisika mapajani mwake. Benchi zima linajua kwamba ndiye wa pili anayeomba kazi ya mhudumu.

Idda anamtazama kwa muda. Kisha anainuka, anakwenda nyuma ya ofisi na kurudi na kikombe kinachofuka moshi.

"Shikamoo, mama," anasema Jenifer, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Kishike kwa mikono miwili. Na ukiingia, usiinamishe kichwa hivyo."

"Mama, nimkazie macho mtu mzima? Nyumbani wangenishangaa."

"Na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Lakini hawa wa pwani ukiwainamia wanadhani umeficha kitu. Tazama kifungo cha juu cha shati lake. Hutakuwa umekosa adabu, na yeye ataona unamtazama."

Jenifer anaitwa. Anaingia akiwa ameinua uso. Kwenye benchi mtu mmoja anaguna na kumwambia Idda kwamba amejichimbia shimo mwenyewe.

Zamu yake inapofika, anaingia bila kikombe chochote. Yaliyotokea ndani ameyasimulia mwenyewe, na Bashiru aliyekuwa amesimama mlangoni anayathibitisha kwa kicheko. Idda alipoona vikombe vitupu vya maji mezani, mikono ilienda yenyewe. Alivikusanya, akavipanga kwenye sinia, akasimama nalo kando ya mlango kama ilivyo desturi yake.

"Asante, mama," alisema mwenyekiti wa jopo, mwanamke mwenye miwani. "Sasa tunamsubiri Idda Mwalongo."

"Ndiye mimi," alijibu Idda.

Akakaribishwa kiti. Alikuwa amekifuta vumbi miaka yote hiyo na hajawahi kukikalia. Akaulizwa, mgeni akifika ofisini anaanza na nini.

"Naitazama mikono yake," alisema.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Alisema asubuhi nzima ameshikana mikono na watu wenye vidole vya barafu, isipokuwa binti mmoja aliyetangulia. Akauliza kama ni yeye aliyewasha jiko.

"Ni mimi. Nilikatazwa, lakini binti alikuwa na baridi."

Mwenyekiti akaandika, akaandika tena, jambo refu. Idda hajui kama ni sifa au ni kosa la kukaidi amri. Majibu yatabandikwa Jumatatu.

Nje, ukungu umeanza kuondoka. Idda anakaa kwenye benchi, na sasa, wakati kila kitu kimeshakwisha, ndipo mikono yake inapoanza kucheza. Anaificha kwenye mifuko ya sweta na kuzungumzia mipango.

"Nikipata, nitaomba jiko lihamie hapa mbele, karibu na benchi. Nikikosa, nitaliweka pale nje ya geti. Usaili hauishi leo wala kesho, na watu wataendelea kuja na blauzi nyepesi."

Jenifer alikuwa na ruhusa ya kuondoka tangu saa nne. Hajaondoka. Anatokea nyuma ya ofisi akitembea polepole ili asimwage, na kumpa Idda kikombe kilichojaa. Idda anakipeleka mdomoni, na binti anamshika mkono taratibu.

"Usinywe kwanza, mama," anamwambia. "Kishike."