Mwaka Tuliopanga Kwenda Yellowstone

Mwaka jana, shule zilipokaribia kufungwa, binti yangu alitupangia safari ya Mikumi kwa simu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akabonyeza hapa na pale, akaniuliza kama nataka chumba chenye feni au chenye kiyoyozi, na alipomaliza chai yake ilikuwa bado haijapoa. "Tayari, mama," akasema, akainuka kwenda kuoga. Mimi nikabaki pale mezani nacheka peke yangu. Nakumbuka safari iliyopangwa karibu mwaka mzima, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, juu ya mkeka, kwa uzi na penseli. Ilikuwa safari ya kwenda kuona mbuga za Marekani.

Ngoja nikueleze vizuri, maana ukisikia hivi hivi utadhani tulikuwa watu wenye uwezo. Tulikaa Chuno, Mtwara mjini, nyumba ya vyumba vitatu iliyovuja upande wa jikoni. Mama alifundisha shule ya msingi. Baba alikuwa mtaalamu wa mikorosho. Kazi yake ilikuwa kupambana na ule ugonjwa wa ubwiri unga, unaokausha maua ya mkorosho kabla hayajashika. Katikati ya miaka ya tisini ofisi yake ikampeleka Marekani kusoma kwa miaka miwili. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu kumi na tatu. Tulimsindikiza bandarini, kwani siku hizo barabara ya Dar ikinyeshewa ilikuwa tope tupu, na mwenye haraka alipanda meli.

Mwaka wa kwanza barua zake zilizungumzia baridi na chakula kisicho na chumvi. Mwaka wa pili ikaja bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua na ramani mbili za karatasi ya kung'aa, moja ya mbuga ya Yellowstone na barabara za kuifikia, nyingine ya korongo wanaloliita Grand Canyon. Baba aliandika kwamba chuo kitafungwa miezi mitatu, kwamba mwalimu wake atamwazima gari na hema, na kwamba anataka sisi sote twende tukatembee. Watu wa huku, aliandika, likizo yao ni kwenda mbugani na familia, na wanaipanga mapema sana. Nasi tuanze kupanga.

Tukaanza. Kaka, aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, ndiye aliyejua Kiingereza cha kututosha. Alitandaza ramani kwenye mkeka, akaweka korosho mbichi kwenye pembe nne zisipeperuke, akanituma uzi kwenye kikapu cha mama cha kushonea. Tuliuzungusha uzi ule juu ya barabara zote, kona kwa kona, kisha tukaunyoosha na kuupima kwa rula. Kaka akapiga hesabu, akatangaza kuwa kutoka chuoni kwa baba hadi mbugani ni kama kutoka Mtwara kwenda Dar na kugeuka hadi nusu njia. "Siku ngapi?" nikamuuliza, maana Dar kwetu ilikuwa siku mbili au tatu ukibahatika. "Siku moja," akasema. Nilimwambia ni mwongo.

Nyuma ya ramani kulikuwa na masharti, na tuliyakariri kama dua. Usimpe mnyama chakula. Usiache chakula nje ya gari, dubu atakuja. Usishuke kutoka njia ya mbao, maji ya ardhini yanachemka. Tulipanga nani atakaa dirishani, nani atalala upande gani wa hema. Mama alikaa pembeni na madaftari yake ya kusahihisha, lakini alikuwa anasikiliza, kwa sababu siku moja aliinua kichwa akasema, "Mkate wao ukinishinda nitakula nini huko?" Tukaandika orodha ya chakula: korosho za kukaanga, makopa ya muhogo, dagaa waliokaushwa vizuri wasinuke. Kaka akauliza kama dubu anakula dagaa. Mama akacheka mpaka akaangusha kalamu nyekundu.

Jumamosi tulikwenda kijiji cha Ziwani kwa bibi, mzaa mama, aliyekuwa na shamba la mikorosho na mihogo. Mama alikuwa mtoto wake pekee pale Mtwara. Mwingine, dada yake mama, alikuwa ameolewa Dar. Msimu ukifika tuliokota korosho tangu asubuhi, tunanyonga kila korosho na kuitenga na bibo lake, lile tunda, juisi inatiririka mpaka viwikoni na kutia madoa yasiyotoka kwenye nguo. Mchana bibi alizichoma kwenye bati lenye matundu. Moshi ulikuwa unakereketa koo, mafuta yanaruka, sote tunakaa mbali na kusubiri zipoe tuzibangue kwa kijiti na jiwe. Vidole vyeusi wiki nzima. Na kula tulikula, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi, halafu korosho zilizovunjika, maana zilizo nzima zilikuwa za kuuza.

Bibi tulimweleza yote. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kimakonde, na alipenda kuelezwa jambo polepole.

"Kwa hiyo mnakwenda mpaka Marekani kuangalia wanyama?"

"Ndiyo, bibi."

"Nguruwe wanaokula mihogo yangu hamwaoni? Njooni alfajiri niwaonyeshe bila kupanda ndege."

Kaka akamwambia huko kuna nyati wenye manyoya kama mablanketi, na wanatembea barabarani magari yanawasubiri. Bibi akafikiri. "Na anayelima jirani na hao nyati anavuna nini?" Hakuna anayelima, kaka akajibu. "Basi wanawafuga," bibi akasema, akaendelea kubangua. Yale maji yanayochemka yenyewe ndiyo yaliyomwingia. Alituuliza mara nyingi kama mihogo ikitumbukizwa humo inaiva. Na kila tulipoaga aliuliza swali lile lile: "Mtarudi kabla ya msimu wa korosho?" Mimi nilikuwa wa kwanza kumjibu. "Tutarudi, bibi."

Barua ya mwisho ya mipango ilifika mvua zikielekea kuisha. Kaka aliisoma kwa sauti kama kawaida. Baba alitaka mama aende Dar akachukue pasi za kusafiria tulizojazia fomu, kisha apeleke maombi ya viza. Halafu akaongeza: twende na vyeti vya kuzaliwa, na ripoti zote za shule tangu darasa la kwanza, na mama achukue vyeti vyake vya ualimu. Kabati na vitanda aviuze au avigawe, visije vikaliwa na mchwa.

"Ripoti za shule za nini mbugani?" nikauliza.

"Labda getini wanataka kujua kama unajua kusoma," kaka akasema, "usije ukaingia kwenye maji ya moto."

Nilicheka sana. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akaichukua barua, akaisoma mwenyewe kimya, akaikunja na kuitia kwenye mkoba wake. Sikuiona tena.

Wiki chache baadaye akapanda meli kwenda Dar. Bibi alikuja Chuno kukaa nasi, akawa analalamika kwamba mihogo yake imebaki na nguruwe. Sisi tuliendelea. Nilifungasha nguo zangu kwenye mfuko, nikazitoa nikavaa shule, nikazifungasha tena. Kaka alijifunza kusema kwa Kiingereza, "Samahani, njia ya kwenda mbugani ni ipi?" na aliisema njia nzima kutoka nyumbani hadi dukani.

Mama alirudi baada ya wiki mbili hivi, amepungua. Tulimpokea mzigo, tukampa shikamoo, tukasimama tunamwangalia. Alikunywa maji kwanza.

"Wamekataa," akasema.

Nililia kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Kaka hakulia mbele yetu. Alichukua zile pasi tatu, akafunua ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho, akasema, "Hata muhuri wa kukataa hawakupiga." Kisha akakunja ramani kwa mikunjo yake ile ile, akaziweka chini ya godoro, akaenda bafuni. Nilimsikia akilia huku anajimwagia maji. Mimi baada ya wiki mbili nilikuwa nimeshasahau, nimerudi kucheza rede. Kaka hakusahau. Kila kilichomwendea vibaya baadaye, mtihani, kazi, hata mchumba aliyemwacha, kilianzia kwa yule mtu wa viza. Alimtukana kana kwamba anamjua sura.

Baba alirudi masomo yalipokwisha. Alituletea viatu, na vyote vilitubana, maana alinunua vya watoto aliowaacha. Kwa miezi kadhaa yeye na mama walizungumza kwa adabu kama wapangaji wawili wanaotumia ukumbi mmoja. Habari ya mbuga hakuitaja. Halafu kipindi cha kupuliza salfa, dawa ya ubwiri unga, kikafika, akawa anashinda Ziwani na bibi, anarudi jioni amegeuka wa manjano kuanzia nyusi hadi viatu, na taratibu nyumba ikazoea kuwa na watu wanne.

Sasa ruka nami miaka kumi na kitu. Bibi ameshafariki, baba na mama wamestaafu na kuhamia shambani kwake. Sikukuu ya Idi nilikwenda Ziwani na binti yangu, akiwa bado wa kubebwa. Kaka alikuja pia. Alikuwa anafanya kazi kwa wakala wa mizigo bandarini, na mwezi ule alikuwa amenyimwa viza ya kwenda kusoma nje. Tulikuwa tumemaliza pilau, tumekaa barazani, mama anamenya machungwa.

"Mimi na viza hatupatani," kaka akasema. "Nuksi ile ilianzia kwa yule aliyetukatalia mbuga."

"Hakuna aliyetukatalia," mama akasema.

Kaka akacheka. "Mama umesahau. Ulirudi na pasi tupu."

"Sijasahau. Zilikuwa tupu kwa sababu sikuzipeleka popote." Aliweka kisu kwenye sahani. "Baba yenu hakutaka twende kutembea tu. Alitaka twende tusirudi. Ndiyo maana ya vyeti, ndiyo maana ya kabati. Alidhani sitaelewa, au nitaelewa tukishafika."

Alitueleza bila kupandisha sauti. Kule Dar alifikia kwa dada yake, na hata dada yake hakumwambia. Kila asubuhi alivaa vizuri, akaaga kwamba anakwenda kwenye viza, akaenda kukaa kwenye benchi Kivukoni, anatazama pantoni ikivuka kwenda Kigamboni na kurudi, mpaka adhuhuri. Siku ya tisa alinunua bahasha akamwandikia baba. "Nilimwambia watoto wako Chuno, na mimi niko Chuno. Ukitaka kukaa huko, kaa. Ukitaka kutuona, nyumbani unapajua." Akachukua tena kisu. "Bibi yenu alikuwa ananiuliza kila siku kama tutarudi msimu wa korosho. Ningemwambiaje?"

Nikakumbuka nani aliyekuwa akimjibu bibi.

Kaka akamgeukia baba. "Ni kweli?"

"Kweli," baba akasema.

"Na mbuga? Nazo zilikuwa uongo?"

"Mbuga tungeziona. Gari lilikuwepo, na hema lilikuwepo. Tungezunguka mwezi mzima." Baba alijifuta mdomo kwa kiganja. "Halafu tungebaki."

"Ulijuta kurudi?"

Mama alikuwa hapo hapo, anasikia. Baba hakumtazama. "Mwaka wa kwanza nilijuta kila siku," akasema. "Baadaye nikawa na kazi."

Kaka aliinuka, akashuka barazani, akaingia kwenye mikorosho. Tulimwona shati lake jeupe likionekana na kupotea mpaka likapotea kabisa. Alirudi magharibi ilipoadhiniwa. Alisimama mbele ya mama, viatu vimejaa mchanga.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungenielewa?"

Alifikiri. "Hapana."

Akanawa mikono, akakaa, akapakuliwa ubwabwa. Tangu siku ile sijamsikia akimtukana mtu wa viza.

Nyumba ya Chuno imeuzwa, mwenye nayo ameibomoa na kujenga ya ghorofa. Meli ya abiria haiji tena Mtwara. Watu wanapita barabarani, asubuhi uko Chuno, jioni uko Dar. Barua zile sijui ziliishia wapi. Ramani ziliozea chini ya lile godoro. Mbuga nimeziona siku hizi, za hapa nyumbani, na nimezipenda, ila hakuna hata moja niliyoifahamu kona kwa kona kabla ya kufika kama nilivyoifahamu Yellowstone, ambako sijakanyaga.

Mama tulimzika Ziwani. Msibani, mama mkubwa, yule dada yake wa Dar, alinishika mkono akaanza kunisimulia zile wiki mbili, hajui kwamba nazijua. Alisema mdogo wake alikuwa mtu wa utaratibu sana. Kila asubuhi kabla ya kutoka alifungua mkoba, akahakikisha pasi zote tatu zimo, na ripoti zetu za shule zimo, na vyeti vyake vya ualimu vimo, akafunga.

Nilikuwa siku zote nadhani uamuzi aliufanya Chuno, siku ile alipoichukua barua mkononi mwa kaka. Siku tisa, karatasi zote mkobani, na ofisi ya viza ilikuwa mji ule ule. Ningependa kumuuliza kama pale kwenye benchi alikuwa bado hajaamua.