Chumba cha daraja la kwanza ambacho baba hakukaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua halijavuka mabega ya milima ya Pare, lakini upepo wa Same umeshaanza kurusha vumbi. Ndani ya chumba kimoja cha stesheni, Asteria Eliufoo amepiga magoti, kipande cha fulana kuukuu mkononi, anasugua mguu wa kiti. Anaanza chini, anapanda hadi juu, kisha anahamia mguu wa pili.

"Watu hufuta pale wanapokalia," anasema bila kuinua kichwa. "Vumbi la Same halikai pale. Linajificha huku chini."

Viti vilikuwa vinane. Vimebaki vitano, vyote vya mninga, vyenye mikono mipana ambayo mtu anaweza kuwekea kikombe. Kuna meza moja ya duara, saa ya ukutani iliyokwama kwenye saa tisa na robo, na kabati dogo lenye kioo kilichopasuka kona. Juu ya mlango bado yanasomeka maandishi ya rangi nyeupe: Abiria wa Daraja la Kwanza.

Mwanamume mmoja anachungulia. Amevaa buti za mpira zenye tope jekundu la milimani na begani ana gunia la tangawizi.

"Samahani, mama. Huko nje upepo mkali. Naomba nisimame hapa mlangoni kidogo."

"Usimame kwa nini na viti vipo?"

"Mama, nina tope."

"Tope ni lako, dekio ni langu. Ingia."

"Na tiketi yangu ni ya daraja la tatu."

"Nimekuuliza?"

Mwanamume anacheka, anaingia, anakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Asteria anamimina chai kutoka kwenye chupa na kumkaribisha. Anamtazama usoni. Wakati wote huo, hata mara moja, hakutazama zile buti.

"Ninajizuia," anasema baadaye, mgeni alipokwisha kupanda treni. "Mwaka wa thelathini na sita sasa najizuia kutazama miguu ya watu."

Asteria, mwenye miaka 59, ni mzaliwa wa Vudee, huko juu Upare ya Kusini. Aliletwa stesheni hii mwaka 1986 akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, amemaliza darasa la saba, ana magauni mawili na viatu vya kuazima. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha kupumzikia abiria wa daraja la kwanza: kufagia, kupiga deki, kuchemsha chai, na kusimama mlangoni.

Hiyo ya kusimama mlangoni ndiyo iliyokuwa na mafunzo. Mhudumu mzee aliyemkuta hapo alimfundisha kwamba kumwomba mkubwa tiketi ni kumvunjia heshima. Mhudumu mzuri anajua kabla ya kuuliza.

"Aliniambia, tazama viatu kwanza, uso baadaye. Viatu vya ngozi vyenye kung'aa, fungua mlango. Ndala, makatambuga, buti za shamba, mwelekeze kwenye benchi la nje. Nilishika haraka sana. Nilisifiwa. Mtu akiwa bado yuko kule kwenye ngazi, mimi nimeshajua atakaa wapi."

Anakunja kile kipande cha fulana mara mbili, anakikunjua tena.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 1988, saa nane mchana, treni ya kwenda Dar es Salaam ikitarajiwa jioni. Ndani walikuwepo abiria watatu: mama mmoja mwenye pochi, na wanaume wawili wenye suti za kaunda. Asteria alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake nyeupe aliyoipiga pasi ya mkaa asubuhi hiyo.

Baba yake, Mzee Eliufoo, alitokea kwenye ngazi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, lakini miguuni alikuwa na buti za shamba, kwa sababu alishuka kwa miguu kutoka Vudee na njia ya mkato hupita mfereji. Alibeba maharage kwenye gunia na mkungu wa ndizi. Jicho lake la kulia lilikuwa na utando, na alikuwa anakwenda Dar es Salaam kutibiwa. Asteria alijua kwamba baba angesafiri wiki hiyo. Hakujua zaidi ya hapo.

"Alikuwa anatabasamu. Nilifikiri anatabasamu kwa kuniona. Nikaona zile buti, nikaona wale wakubwa wanageuka kutazama. Nikamwambia shikamoo baba, huku ni daraja la kwanza, kakae pale kwenye benchi, nitakuletea chai. Nilisema taratibu, kwa adabu kabisa. Ndiyo inayoniuma. Kama ningekuwa nimemfokea ningesema nilikuwa na hasira."

Mzee Eliufoo hakubishana. Alisema, "Haya, mwanangu," akaenda kukaa juu ya gunia lake, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa.

Asteria alimpelekea chai kama alivyoahidi. Vikombe vya chumba kile vilikuwa vya udongo, vyeupe, vyenye mstari mmoja wa buluu kwenye ukingo, na havikuruhusiwa kutoka nje ya mlango. Kwa hiyo alimpelekea kwenye kikombe cha bati, kile walichotumia wafagiaji.

"Akanywa yote. Akanirudishia kikombe. Akaniuliza, hivyo vikombe vyako vizuri vingapi? Nikamwambia kumi na viwili. Akasema, kazi nzuri."

Treni ilipoingia, Asteria alikuwa mlangoni akiwafungulia wale watatu. Akamwona baba yake ananyanyuka, anajitwika gunia, anapita mabehewa ya daraja la tatu, anapita la pili, anasimama mbele ya behewa la daraja la kwanza. Mkagua tiketi alipokea kadi ndogo kutoka mkononi mwake, akaitoboa, akamsaidia kupandisha mkungu wa ndizi.

"Nilibaki nimeshika kitasa. Hata mkono sikumpungia."

Mzee alikuwa ameuza beberu wake mkubwa na kukata tiketi ya daraja la kwanza. Hakumwambia bintiye, maana alitaka kumshtukiza.

Alirudi baada ya wiki tatu, jicho likiwa limepata nafuu kidogo, na alirudi kwa basi. Hakulizungumzia jambo lile. Asteria naye hakulizungumzia. Kila alipopanda Vudee kwa Krismasi alijiambia kwamba safari hii atasema, na kila mara palikuwa na ng'ombe wa kukamuliwa au wageni wa kulishwa makande. Mwaka 2004 Mzee Eliufoo alifariki.

"Miaka kumi na sita nilikuwa na nafasi," anasema Asteria. "Hakuna aliyenizuia. Sentensi moja tu."

Treni za abiria ziliposimama kwenye njia hii, Asteria alirudi kijijini kulima maharage. Ziliporejea, aliitwa tena kwa mkataba wa usafi. Analipwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Hapo anatoa kodi ya chumba, na sukari na dawa za presha za mama yake. Vikombe vyenye mstari wa buluu alivikuta kabatini. Kati ya kumi na viwili kilikuwa kimebaki kimoja.

Tangu arudi hajamfukuza mtu. Hapo hukaa wanawake wenye watoto mgongoni, wafugaji na fimbo zao, wanafunzi wanaochaji simu.

"Nimemkumbusha utaratibu mara mbili," anasema Idrisa Chande, karani wa stesheni, kijana mwembamba anayemwita Asteria 'Mama Faraja' kwa jina la bintiye. "Mara ya tatu akaniletea chai. Nikanyamaza. Kwani kuna mkubwa gani anashuka Same siku hizi bila gari lake?"

Kitu ambacho Idrisa hakielewi ni safari za Mama Faraja. Kila akipata likizo, anakwenda kutazama vyumba vya kupumzikia vya stesheni nyingine. Ameshafika Moshi, Korogwe, Tanga, Dar es Salaam na Dodoma, ambako binti yake Faraja anafanya kazi ya uuguzi.

"Wenzake wanakwenda kuona tembo pale Mkomazi," anacheka Idrisa. "Yeye anakwenda kukalia viti."

Na kweli anavikalia. Moshi alipenda dari iliyo juu sana, hata joto linapanda na kumwacha mtu. Korogwe alipenda kibaraza, kwa sababu mzee anaona treni kabla haijafika na hahitaji kuuliza. Kwa Tanga husifu hewa ya bahari inayopita dirishani, lakini anasema mninga wa Same hauna mpinzani. Kila anapokaa, hujaribu kunyanyuka bila kushika kitu. Kiti ambacho bibi wa miaka themanini hawezi kunyanyuka humo mwenyewe, kwake yeye hakijafaulu.

Stesheni mpya ya treni ya umeme ya Dodoma ndiyo iliyomshangaza. Alikuta sakafu inayomwonyesha mtu uso wake, kiyoyozi, makochi ambayo, anasema, "yanakumeza mpaka kiunoni," na mlango wa kioo unaojifungua wenyewe.

"Nikauendea, ukafunguka. Nikarudi nyuma, ukafunga. Nikauendea tena. Faraja akaniambia, mama, watu wanatazama. Nikamwambia waache watazame, mlango huu hautazami viatu."

Kisha akatokea msichana mwenye sare, umri wake kama ule aliokuwa nao Asteria mwaka 1988. Msichana aliinama kidogo akasema: "Shikamoo bibi, karibu. Naomba tiketi yako."

"Nilikuwa nimevaa ndala," anasema Asteria. "Na kweli tiketi yangu haikuwa ya humo. Akanionyesha pa kukaa, sikuona uchungu hata kidogo. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Unaomba tiketi. Mtu anakupa. Unaisoma."

Faraja alimkuta mama yake analia chooni na akadhani ameibiwa.

Mkataba wa Asteria unakwisha mwisho wa mwezi huu, kwa sababu ya umri. Atarudisha ufunguo. Kabla ya hapo anataka jambo moja tu: mama yake, Bibi Eliakunda, ashuke kutoka Vudee, akae kwenye kiti cha mninga, anywe chai kwenye kile kikombe kilichobaki. Kwa hilo, ilimbidi kwanza aseme kwa nini. Mwezi wa kwanza mwaka huu alipanda mlimani, akasema.

Kwa Bibi Eliakunda ni nyumba ya bati yenye migomba mitatu mbele na mbuzi mmoja mlafi. Ana miaka 82 na anachambua maharage huku anazungumza, mabovu kulia, mazima kushoto, wala hakosei.

"Miaka yote hiyo nilijua alikaa," anasema. "Aliporudi nilimwuliza, Baba Asteria, je, alikupa chai? Akasema alinipa. Kwenye kikombe kipi? Akasema cheupe, kina mstari wa buluu ukingoni. Nikamwuliza, na kiti? Akasema, Mama Asteria, kiti kile ukikaa unasahau kwamba una magoti. Tena akaniambia vikombe viko kumi na viwili. Nilisimulia wanawake wote wa kanisani."

Anatupa haragwe bovu.

"Muongo mkubwa yule mzee," anasema, mkono ukitafuta haragwe jingine.

Asteria alipomaliza kukiri siku ile, mama yake aliinuka akaenda kumfungua mbuzi. Wiki sita hakupokea simu. Asteria alipopanda tena, mwezi wa tatu, alikuta maharage yameinjikwa. Bibi Eliakunda alimpakulia, akamwacha ale nusu sahani, ndipo akasema:

"Kilichoniudhi si buti. Wewe ulikuwa mtoto na ulifundishwa vibaya. Kilichoniudhi ni kwamba alikaa na uongo ule peke yake, na wewe ukakaa na kweli yako peke yako, na mimi katikati najisifu kanisani."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekwisha. Yule mwingine sina ruhusa ya kumjibia."

"Basi utashuka? Nitakukalisha pale, nikupe chai."

"Kwa tiketi ipi?"

"Mama, siku hizi mtu yeyote anaingia. Huhitaji tiketi."

Bibi Eliakunda alitikisa kichwa. "Baba yako aliuza beberu. Mimi niingie bure? Nitakata tiketi yangu, ile ya juu kabisa iliyopo. Hata kama ni ya kwenda Makanya tu, nitarudi kwa basi. Tena usiniambie karibu mama, ingia. Usimame mlangoni, uniombe tiketi. Nami nikupe. Uisome mbele yangu."

Siku iliyopangwa ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Idrisa ameshaandaa tiketi ya kwenda Makanya, kituo kinachofuata, na anasema hajawahi kuona msafiri wa karibu namna hiyo anayesubiriwa na watu wengi hivyo. Faraja anakuja kutoka Dodoma. Bibi ametangaza kwamba atavaa buti za shamba za marehemu mumewe, ambazo zimening'inia nyuma ya mlango tangu 2004, na anayetaka kucheka acheke.

Asteria ameosha kile kikombe mara nyingi kuliko kinavyohitaji. Amepiga pasi aproni. Hajidanganyi kwamba siku hiyo itafuta ile nyingine.

"Si yeye atakayekuja," anasema. "Najua si yeye."

Treni ya asubuhi ikishaondoka na jukwaa likibaki na vumbi peke yake, husimama mlangoni, chini ya yale maandishi yaliyofifia, akifanya mazoezi ya maneno atakayosema Ijumaa. Idrisa humsikia kutoka dirisha la tiketi. Anasema ni maneno machache tu, ya kawaida kabisa, wala hayahitaji mazoezi. Lakini kila siku Mama Faraja huyakosea mahali pale pale, huanza upya, hukosea tena.

"Shikamoo, baba. Karibu. Naomba tiketi yako."