Valvu ya Kiwanda cha Kahawa

Niliacha shule darasa la tatu, lakini mambo ya valvu sikukubali kufundishwa na mtu. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kahawa upande wa Nkubu, nikifungua na kufunga maji ya kuoshea kahawa. Valvu yenyewe ilikuwa na gurudumu la chuma, ukilizungusha mlango unashuka ndani ya bomba. Ukifunga, unakaza mpaka tone la mwisho linyamaze, maana karani akisikia maji yanadondoka atakutukana mbele ya watu. Mikono yangu ilijua kazi hiyo hata nikisinzia.

Kwa hivyo mimi na mzee wangu, baba watoto, tulipoweka mashine ya kusaga, na fundi wa jua kali akatuundia tangi refu la bati la kushushia mahindi kwenye kinu, habari ya kifungio niliimaliza mimi: nilitaka valvu. Fundi alitaka kutuwekea bapa jembamba la chuma, linaloteleza, la kuvuta na kusukuma kwa mkono. Alisema mahindi si maji. Punje zitakaa kwenye mfereji ambapo mlango wa valvu unashukia, lakini bapa jembamba litapita katikati yake kama kisu. Nilimcheka. Nilimwambia hicho ni kifuniko cha choo. Kiwanda chetu kilikuwa kimekufa na vyuma vyake vinauzwa, nikanunua ile ile valvu niliyoizoea, nikaibeba mgongoni kama kuni.

Mzee hakubishana. Yeye mambo yake yalikuwa miche. Watu walitoka mbali, hata Kianjokoma, waje awaunganishie avokado. Anakata kikonyo, kitawi cha mti mzuri, anakipachika kwenye mche, vidole vinazungusha nailoni na kufunga upesi hata usione vimepita wapi. Vile vidole nilijivunia kuliko alivyojivunia mwenyewe.

Valvu ilianza kusumbua wiki ya kwanza. Punje zinakwama, mlango haufiki chini, mahindi yanazidi kumwagika kwenye kinu. Tukazoea hivyo hivyo: yeye anachokonoa kwa kijiti kutoka chini, mimi nazungusha gurudumu. Siku hiyo kijiti kilivunjika. Mashine inanguruma, wateja wamepanga foleni. Akaingiza vidole. Mimi nilikuwa naangalia debe la mama mmoja. Nilihisi kitu kigumu, nikadhani ni punje, nikakaza. Nikakaza kama nilivyozoea kiwandani.

Gurudumu halikuambii limebana nini. Bapa la kusukuma kwa mkono lingeniambia.

Hospitalini walikata vidole vitatu vya mkono wa kulia, gumba likiwemo. Daktari alipouliza ilivyotokea, mzee alisema mashine ilimshika. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaacha iandikwe hivyo.

Fundi alikuja kuweka lile bapa lake. Hakunicheka, na heri angenicheka. Leo mtu akitaka kujenga tangi kama letu, namuuliza kwanza kitakachopita ni nini, kikavu au cha maji, unga au punje, na kama atahitaji kufunga tangi likiwa limejaa. Yote hayo fundi aliniuliza, nami nikaleta kiburi.

Kisu cha mzee cha kuunganishia miche kilikaa muda mrefu kwenye mkebe wa majani ya chai, juu ya kabati. Mwezi uliopita jirani alileta mche mmoja, nadhani kwa huruma tu. Mzee akakiteremsha kisu. Kukata alikata, kwa mkono wa kushoto, vibaya vibaya. Kufunga ndiko kulikomshinda. Alishika nailoni kwa meno, kikonyo kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Jirani akageuka akajifanya anaangalia mbuzi.

Nikamwambia mzee, "Lete nifunge mimi."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akakishika kikonyo mahali pake kwa vidole viwili vilivyobaki kwenye ule mkono.

"Kaza polepole, mama watoto," akasema. "Nikisema basi, uache."

Nikazungusha nailoni karibu kabisa na vidole vyake, nikisubiri aseme.