Ndugu wa Ming'oko

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Rondo, nilipewa magazeti makuukuu, kamba na mbao mbili za kubania. Nikadhani nimeajiriwa kufunga vitumbua. Mtunza Sampuli Mkuu, mtu mrefu asiyecheka kabla ya saa nne, akanionyesha: tawi bichi linalazwa kwenye gazeti, ua lionekane, tunda lionekane, jani moja ligeuzwe mgongo, kisha linabanwa mpaka likauke. Hiyo ndiyo sampuli, na haina thamani bila lebo.

"Unaujua mti huu?" akaniuliza.

Mimi, mzaliwa wa Rondo, nikautaja haraka kwa Kimwera.

"Hilo ni jina. Nimekuuliza ni wa familia gani."

Familia, vijana wangu, ni kundi la mimea inayofanana ua na tunda, hata kama mmoja ni mti wa mbao na mwingine unakanyagwa njiani. Mkunde na mpingo ni familia moja. Tunda la kila mmoja ni ganda lenye mbegu. Mtunza alikuwa akisema jani ni la kudanganya tu, twende kwenye ua.

Uyoga ndio ulionitoa jasho. Niliubana kwenye gazeti kama majani, ukageuka uji. Mtunza alifoka: uyoga si mmea hata kidogo, una ukoo wake mbali kabisa! Hukaushwa kwa moto mdogo, na kofia moja huachwa juu ya karatasi idondoshe unga wake, maana rangi ya unga husaidia kujua familia. Nilipomsimulia mama akashangaa kwamba wasomi wanaona hilo ni jambo jipya. Nyumbani kwetu uyoga haukuitwa mboga ya majani. Ulikuwa kitoweo, ukikaa upande wa nyama.

Baada ya Rondo nikahamishiwa Lindi mjini, chini ya Afisa Misitu aliyependa taarifa kuliko misitu. Yeye ndiye aliyenituma Likawage kufundisha wanakijiji juu ya vyakula vya porini. Nilikwenda kifua mbele.

Mkutano ulifanyika darasani. Mkono mmoja nilishika mtambazi wa ming'oko, vile viazi vidogo vya porini ambavyo sisi wa kusini tunavichimba kiangazi, tunachemsha na kula siku hiyo hiyo. Mkono wa pili nilishika ndiga. Ndiga ni kubwa, ina miiba na majani matatu matatu, na ina sumu; hukatwa vipande na kulowekwa kwenye maji yanayotiririka siku kadhaa ndipo iliwe. Lakini tunda la kila mmoja lina mabawa matatu. Mfano gani mzuri kuliko huo?

"Hawa ni ndugu," nikasema. "Familia moja."

Sumu sikuitaja. Nani Likawage asiyeijua ndiga? Niliona kuitaja ni kuwadharau. Sikujua kwamba nyuma kabisa ameketi Zainabu, bibi harusi aliyeletwa kutoka kisiwa cha Songo Mnara, aliyekulia kwenye samaki na asiyejua kichaka cha bara hata kimoja.

Siku ya pili yake mkwewe alikwenda msibani kijiji cha jirani, na mumewe akawa shambani. Zainabu akachimba ndiga, akaichemsha kama ming'oko, akala. Mumewe alimkuta anatapika, miguu imekakamaa, ulimi haugeuki. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya mumewe na dereva, hadi zahanati. Nilikaa nje ya mlango wa zahanati nikiomba Mungu anichukue mimi. Siku ya tatu akazungumza.

Mkwewe, Bi Somoe, alirudi kutoka msibani moja kwa moja hadi pale nilipoketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitazama. "Mwanangu, wewe ulisema ndugu. Sisi ndugu tunampakulia sahani moja. Ungesema huyu ni mtani wa ming'oko, hata mgeni angekaa macho."

Mtani ni mtu wenu, mnazikana, lakini akiingia kwako unahesabu kuku. Miaka yote niliyosoma maua sikuwahi kulipata neno linalofaa vile. Nililia mbele yake, na sioni haya kulisema.

Kwenye lebo ya ndiga ile, chini ya jina la familia, niliandika: "Mtani wa ming'oko. Isiliwe kabla ya kulowekwa." Afisa Misitu akasoma, akavua miwani.

"Huu si utaalamu. Futa."

"Futa wewe, bwana mkubwa, halafu uweke na sahihi yako."

Hakufuta.

Sasa nimestaafu. Vijana wananijia na simu zinazotaja mmea kwa picha ya jani, na nawatania kwamba simu nayo haijafika kwenye ua. Lakini usiku mwingine nilikuwa naamka nikiiona ile miguu ya Zainabu. Kumbe kazi yote niliyoifanya, na msamaha sikuwahi kuuomba kwa mwenyewe. Kiangazi hiki nikafunga safari ya Likawage.

Bi Somoe alishatangulia mbele ya haki. Zainabu ana watoto wakubwa, na anachimba porini kuliko wenyeji. Nilimwambia nililokwendea. Aliingia jikoni, akatoka na sahani ya viazi vya porini vilivyochemshwa na kumenywa, havina jani, havina tunda, akaiweka mbele yangu.

"Karibu, mama. Mimi siku ile nilikula kwa neno lako."

Nikanawa mikono. Sikuuliza ni viazi gani. Nikala.