Nilimlazimisha binti yangu mgonjwa kupiga magoti kwenye nyasi

Wakuu, kwa umri wangu mimi ni wa kuamkiwa, lakini leo nawaamkia. Shule niliishia darasa la nne, mnivumilie. Hili sikusimuliwa, nililitenda mwenyewe, hapa Muleba.

Ilikuwa miaka ya themanini, baada ya vita, ugonjwa tuliouita silimu, yaani UKIMWI, ulipoingia nyumba kwa nyumba.

Binti yangu Koku alirudi kutoka Bukoba mjini amekonda, na mtoto mgongoni. Kwetu sakafu tulikuwa tunaitandika nyasi, na mwanamke humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti.

Koku akawa hakanyagi nyasi. Zikimgusa tu, anarudisha mguu. Nikatazama unyayo: hakuna kidonda, hakuna hata mkwaruzo.

Nikasema hii ni jeuri.

Siku moja akaja shemeji yangu mkubwa. Koku akamwamkia akiwa amekaa mkekani. Nikamkaripia:

"Umekanyaga saruji ya Kahororo huko mjini miaka miwili, sasa nyasi za mama yako zinakuchoma?"

"Mama, zinachoma kweli."

"Nyasi si moto. Piga magoti!"

Nikamshika bega, nikamshusha. Alipiga ukelele. Shemeji akaangalia pembeni.

Hakumaliza miezi miwili, tukamzika migombani.

Yule mtoto nikamlea mimi. Leo anafanya kazi maabara, anapima maumivu kwa panya. Juzi alikuja likizo, nikamuuliza panya anasemaje kwamba anaumwa.

Akasema wanamgusa unyayo kwa uzi mwembamba. Panya mzima hajali. Lakini mwili ukiwa vitani na ugonjwa, askari wake hutuma vijumbe, yeye anaviita sitokini. Vijumbe hivyo vikifika kwenye mishipa ya fahamu, hata mguso mwepesi unauma kama moto. Wakivizuia, mara nyingi panya anatulia.

"Na kidonda hakionekani?"

"Si lazima kionekane, Bibi."

Nikaacha kumenya ndizi. Nikamweleza yote, maana Koku ni mama yake.

Akauliza, "Alilia sana?"

Nikasema, "Alilia. Na sikumpa pole."

Akatoka nje. Sikumfuata.

Wakuu, mgonjwa akikwambia panauma, usitafute kidonda kwanza ndipo umwamini. Mimi panya ndio walionifundisha, nimeshachelewa.

Mliouguza miaka ile, ni neno gani mlimwambia mgonjwa wenu mnatamani mngelirudisha? Semeni. Hata wa kunikaripia, nasoma.