Kuku wa Mweiga

Nilikwenda Mweiga mchana, peke yangu, kumwona baba wa msichana niliyetaka kumwoa. Msichana huyo alikuwa fundi wa kushona karibu na duka la mjomba wangu, Nanyuki. Kwa miezi minane tulizungumza yeye akiwa kwenye cherehani, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Rafiki zangu walinicheka. "Mpangie chumba, wazazi watajua baadaye." Mama yangu alisema mwanamke wa halali haendewi kwa mlango wa nyuma. Wiki ile sikulala vizuri. Nikiswali, nilisahau nimefika rakaa ya ngapi.

Baba yake ni mkulima wa viazi na mzee wa kanisa. Hakuniuliza mengi. Alileta jogoo aliyefungwa miguu, na kisu.

"Nasikia hamli kuku tukichinja sisi. Basi chinja wewe, sisi tutakula yako."

Nimechinja kuku wengi nyumbani. Kwetu Nanyuki, ukielekea kibla, ule mlima mkubwa unaoonekana hadi Mweiga unauacha nyuma. Nikaupa mlima mgongo, nikamlaza jogoo.

"Ngoja," akasema. "Maka iko wapi?"

"Mbele yangu, baba."

"Mbele yako ni Nyandarua, magharibi! Maka si iko kaskazini? Kwenu mlima uko kusini, hapa uko mashariki. Haiya! Ati umekuja kuchukua msichana wangu na hujui unaangalia wapi?"

Msichana alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Aliziba mdomo kwa leso.

"Niko na woga, baba," nikasema.

Mzee akanishika mabega, akanigeuza mpaka mlima ukawa upande wa mkono wangu wa kulia. Nikasema bismillahi, nikachinja.

Tulipokuwa tukila, aliuliza kama binti yake ataacha kanisa. Nikasema sitamlazimisha.

"Na watoto?"

Ningeweza kusema tutaona. Msichana aliangalia sahani yake.

"Watafuata dini yangu, baba. Siwezi kukudanganya."

Mzee alitafuna mfupa kwa muda mrefu. Mama wa msichana aliniongezea mchuzi ingawa sahani yangu ilikuwa bado imejaa.

Jioni mzee alinisindikiza hadi kwenye lango.

"Sijakubali," alisema. "Lakini rudi na mjomba wako tuongee. Na umwambie mapema mlima uko upande gani."